Munkoyo: mzizi uliozoea kazi

Mwezi uliopita yaya wangu alinirushia ujumbe kutoka Pweto. Ujumbe wenyewe ulikuwa umeshapita simu nyingi kabla ya kumfikia. Ulisema mzizi wa pissenlit, ule mmea wa Ulaya wenye ua la manjano, ukichemshwa na kunywewa asubuhi tumbo likiwa tupu, husafisha ini, huleta damu mpya na kufukuza kansa. Yaya hakubishana nao. Aliuliza jambo moja tu: "Huko Lubumbashi munaupata wapi?"

Nilimjibu kwamba pissenlit ni chakula, tena chakula kizuri. Huko kwao majani yake ni mboga, na mizizi hukaushwa, ikakaangwa na kusagwa ili itumike badala ya kahawa. Ndani yake mna nyuzi zinazoitwa inulini, na bakteria wema wa utumbo huzipenda. Kansa ni habari nyingine. Hapo mwenye ujumbe alitia chumvi. Watu wa pwani ya Tanzania na Kenya wana mmea wa ukoo uleule, mchunga, mboga chungu inayopikwa kwa nazi. Pweto mchunga si kitu cha sokoni, na pissenlit ndiyo kabisa haipo. Ila huna haja ya kuagiza mzizi kwa ndege wakati kuna mmoja unauzwa kwa vifungu karibu na ziwa, mwembamba, wa nyuzinyuzi, na bibi yako aliujua kabla hujazaliwa.

Mzizi huo ni munkoyo. Nilimweleza yaya habari zake, nikaona wewe nawe zitakufaa, uwe Pweto, Kilwa, Kasenga, Dubie au hapa Lubumbashi.

Jambo la kwanza: munkoyo si jina la mmea mmoja. Ni jina la kazi. Wachimbaji huuleta kutoka kwenye miombo, na wataalamu wa mimea wakiukagua hukuta jamii kadhaa, hasa Rhynchosia na Eminia, zote za ukoo wa kunde. Ng'ambo ya ziwa Moero, Zambia, jina ni hilohilo na kinywaji ni hichohicho. Mzizi wowote unaostahili jina hili lazima uweze kufanya jambo moja, yaani kuulainisha uji wa mahindi.

Tafuna tonge la bukari kwa muda mrefu bila kumeza. Utaona linaanza kuwa tamu. Mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachoukata wanga kuwa sukari. Mzizi wa munkoyo nao una amilesi, tena nyingi. Uutie kwenye uji mzito wenye joto la wastani na baada ya muda uji unalegea, unakuwa mwepesi kama maziwa, na utamu unakuja ingawa hukutia hata kijiko cha sukari. Mtanzania anayetengeneza togwa kwa kimea cha ulezi anafanya jambo lilelile kwa njia nyingine: amilesi yake inatoka kwenye nafaka iliyochipua, yako inatoka ardhini.

Ndiyo maana nasema faida ya mzizi huu usiitafute ndani ya mzizi. Ukiuchemsha peke yake kama dawa na kunywa maji yake, umeshaiua ile amilesi na umebaki na maji ya mizizi. Faida iko kwenye uji baada ya mzizi kupita.

Faida yenyewe ni ipi? Kwanza, tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito hawezi kuumeza, kwa hiyo mama anauongezea maji, na mtoto anashiba maji. Uji uliolainishwa kwa amilesi unaweza kubeba unga mwingi na bado ukapita kooni vizuri. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980, wakihimiza unga wa kimea kwenye uji wa watoto. Pili, munkoyo ukilala usiku mmoja unachachuka. Bakteria wa asidi ya maziwa, ndugu wa wale wa mtindi, wanaufanya mkali, na vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi ukali huo. Mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa Tanzania waliokuwa wakinywa uji uliochachushwa kila siku: kwenye vinyesi vyao bakteria wa kuharisha walipatikana kwa uchache kuliko kwa wenzao. Huo ulikuwa uji wa kimea na si munkoyo, lakini ukali unaofanya kazi ni uleule. Tatu, uchachukaji hupunguza faitati, kitu kilichomo kwenye mahindi kinachoyashika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Kwa nyumba ambayo bukari ni asubuhi, mchana na jioni, hilo si dogo.

Zaidi ya hapo usidanganywe. Munkoyo hausafishi damu, hautibu malaria, na habari ya nguvu za kiume waachie wanaoishi kwa kuiuza.

Sasa twende sokoni.

Mzizi mzuri ni mkavu, mgumu, hauna ukungu wala vumbi la wadudu. Ukiupinda unakatika kwa nyuzi, hauporomoki. Muulize mama muuzaji ulichimbwa wapi. Swali hilo Pweto litaonekana la ajabu, kwa kuwa jibu ni "porini" na pori liko karibu. Lubumbashi lina maana. Shaba ilianza kuyeyushwa katika mji huu mwaka 1911, na udongo wa upande ule ambako moshi wa tanuri ulikuwa unaangukia, kama Penga Penga, umebeba shaba, kobalti na risasi. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti yao ilikuwa juu mno. Mzizi unakaa kwenye udongo miezi na miaka. Usinunue uliochimbwa karibu na mgodi, na wala usichimbe mwenyewe kwenye kiwanja cha nyuma ya kiwanda kwa sababu umeuona umeota.

Usichimbe mwenyewe popote kama hukufundishwa, kwa kweli. Mizizi ya porini inafanana, na mingine ni sumu. Nenda na mzee anayeijua, akuonyeshe jani na ua, si mzizi peke yake. Naye akikuambia acha michanga, fukia shimo, msikilize. Mmea uliong'olewa wote hauna mwaka ujao.

Ukishafika nyumbani na kifungu chako, usikimbilie kupika sufuria nzima. Fanya jaribio la kikombe. Teka uji mzito uliopoa kidogo, uwe mzito kiasi cha kijiko kusimama chenyewe. Ponda kipande cha mzizi uliouosha, tia konzi ndogo, koroga, funika. Subiri robo saa, au nusu saa kama mzizi ni wa zamani. Kijiko kikianguka, mzizi uko hai. Kikiendelea kusimama, umenunua kuni. Lakini kumbuka jaribio hili linapima nguvu ya mzizi. Usalama wake unamtegemea aliyeuchimba, kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua.

Unga nao uutazame. Watu wanauogopa mzizi na kuusahau unga, na mimi naona hofu imewekwa mahali pasipo pake. Mahindi yaliyoingia unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haifi kwa moto wala kwa kuchachuka. Huko Kenya, mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125, wengi wa Makueni na Kitui, kwa mahindi ya kawaida ya nyumbani. Na Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Kwanza ilidhaniwa mtu ametia nyongo ya mamba. Uchunguzi ukaja kukuta sumu ya bakteria waliokuwa wamekua kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Kwa hiyo unga ulionyeshewa, ulioganda mabonge, wenye harufu ya uvundo, usiutie kwenye munkoyo kwa kusema "utachachuka tu hata hivyo". Umwage. Najua bei ya meka moja ya unga siku hizi, umwage.

Mimi kwa lita 10 za maji natumia kilo moja hivi ya unga na konzi mbili za mzizi uliopondwa. Wako wanaotaka mzito zaidi, na vipimo vya mama yangu vilikuwa mkono wake.

Osha mizizi kwa brashi, maji mara tatu, ya mwisho yawe yaliyochemshwa. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mzizi huu huwezi kuupika. Ukiuchemsha umeua kazi yake. Unaingia mbichi kwenye chakula, na udongo wote uliobaki nao unaingia. Ukishausafisha, uponde juu ya jiwe safi au kwenye kinu mpaka ufunguke kama katani.

Weka maji kwenye mbabula, koroga unga kwa maji baridi kwanza usije ukafanya mabonge, kisha upike saa nzima. Usiuondoe mapema. Uji usioiva vizuri wanga wake bado umejifunga na amilesi haiupati. Harufu ya unga mbichi ikiisha na uji ukitoa mapovu mazito yanayopasuka taratibu, umeiva.

Epua, acha upoe. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Uji unaotoka motoni ukitiwa mzizi papo hapo, mzizi unaungua na uji unabaki mzito mpaka asubuhi. Ndipo utasikia mtu analalamika kwamba amerogwa au ameuziwa mzizi bandia. Ukipoa kabisa nao, kazi inakwenda pole sana. Bibi zetu walichovya kidole. Wewe chota kidogo kwa kijiko safi, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Liwe moto wa kukufanya useme "ah", lakini lisikufanye uvute mkono. Sasa tia nyuzi za munkoyo, koroga, funika na uvike sufuria blanketi kuukuu ili joto lisitoroke.

Baada ya saa moja au mbili funua. Uji uliokuwa unang'ang'ania mwiko sasa unamwagika. Onja: tamu. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa.

Kama kinywaji ni cha watoto, kirudishe motoni baada ya kuchuja, kichemke vizuri. Mzizi umeshamaliza kazi, huwezi kuuharibu tena, na moto utaua kilichoingia na udongo. Wapenzi wa munkoyo wa zamani watakuambia umeupika mara mbili na ladha imepotea. Kidogo imepotea, ni kweli. Mimi kwa watoto wangu nachemsha, halafu nawapa siku ileile ukiwa bado mtamu. Nikitaka uchachuke baada ya kuuchemsha, nasubiri upoe, natia kikombe kimoja cha munkoyo mzuri wa jana kama chachu, maana moto umewaua hata wale bakteria wema.

Kwa watu wazima unaweza kuuacha bila kuurudisha motoni. Funika, uweke mahali penye kivuli, kesho yake asubuhi utakuwa umechachuka kiasi cha kuuma ulimi kidogo. Hapo ndipo utamu wake.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ninaandika kwa watu wa ziwani. Pweto iko pale ambapo mto Luvua unatoka kwenye ziwa Moero. Ziwa linatupa samaki, linatupa biashara na Zambia, na linatupa kipindupindu. Pweto, Kilwa na Kasenga ni maeneo ambayo ugonjwa huo unaijua njia yake, unaondoka, unarudi. Uji uliopikwa saa nzima hauna shida. Shida ni mtu anayeloweka mizizi kwenye maji ya ziwa usiku kucha kisha anayamimina maji hayo ndani ya uji. Na ni muuzaji ambaye mchana, bido likipungua na wateja bado wapo, anaongeza jagi moja la maji ya bomba la jirani "ili uwe mwepesi". Ukali wa munkoyo unapigana na vijidudu, ndiyo, lakini ukiuongezea maji umeuvunja makali, na umewaletea wageni.

Kwa hiyo loweka kwa maji yaliyochemshwa, au usiloweke kabisa, tia nyuzi moja kwa moja kama nilivyosema. Na ukinunua barabarani, uliza kwa adabu: "Mama, hii munkoyo ni ya leo ao ya jana?" Atakuambia ya leo, wote husema ya leo. Onja tu. Munkoyo wenye ukali wa kutosha ni ule uliokaa bila kuguswa. Mwepesi kama maji, hauna utamu wala ukali, umeongezwa. Mpe pesa yake, mshukuru, usimalize kikombe.

Na mtu akishapata kipindupindu, munkoyo si dawa yake. Mpe SRO, yale maji ya chumvi na sukari, kila anapoharisha na mpeleke kituo cha afya mara moja, usingoje kuche.

Vyombo: usitumie bido lililokuwa na mafuta ya motari au dawa ya mashamba, hata ukiliosha mara kumi. Usichachushe kwenye ndoo ya bati wala kopo la rangi, kwa kuwa ukali unayeyusha chuma na kukiingiza kwenye kinywaji. Plastiki iliyobeba mafuta ya kupikia, enameli au nyungu ya udongo vinafaa.

Kunywa ndani ya siku mbili. Siku ya tatu na kuendelea hamira za asili zinaanza kutengeneza kilevi. Munkoyo wa leo unaweza kumpa dereva. Wa siku ya nne, mwache aufikishe mzigo kwanza. Mjamzito naye anywe ule mpya tu.

Watu wawili nawaombea uangalifu. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 ananyonya tu, hata kijiko kimoja cha munkoyo asipewe, hata bibi akisisitiza. Na mgonjwa wa kisukari: usimwambie "kunywa, haina sukari" kwa sababu tu hukutia sukari. Sukari imetengenezwa humo humo, mzizi ndio ulioitengeneza, na wanga uliokatwa unaingia kwenye damu haraka kuliko bukari. Anywe kidogo, pamoja na chakula, ule uliochachuka zaidi, na apime. Mwenye vidonda vya tumbo atajua mwenyewe baada ya kikombe cha kwanza.

Ukitaja mizizi ya porini, utasikia wengine wakikusifia kikanda, ule mkate wa viazi vidogo vya mwituni unaopikwa kwa unga wa karanga na pilipili, ukakatwa vipande kama nyama. Nami naupenda. Lakini viazi vile ni vya okidi, kila kiazi ni mmea mmoja, na pote kuanzia Zambia hadi nyanda za juu za Kitulo huko Tanzania zinachimbwa kuliko zinavyoota. Okidi zote zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES, kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa. Ule siku ya sherehe, si kila wiki.

Yaya wangu nilimwambia yote haya kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na nne, akaniambia nimekuwa mwalimu. Siku mbili kimya. Jumapili jioni ikaingia picha bila neno lolote: kikombe cha enameli chenye ua la bluu, uji mweupe ndani yake, na kijiko kimelala ukingoni.